Picha na Mwanangu: Kusoma Albamu ya Familia Ukutani

Kwetu Uganda, kama katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mgeni akishakaribishwa na kuketi huwekewa albamu mapajani kabla chai haijachemka. Haachiwi aitazame peke yake. Mtu wa nyumbani husogea karibu na kuanza kumwonyesha kwa kidole: huyu ni shangazi siku ya mahafali yake, huyu ni baba kabla hajaota mvi, huyu usimuulize mama habari zake. Albamu ya familia ina msimulizi. Bila yeye ni karatasi zenye watu waliosimama wima, mikono wameiweka walikoelekezwa na mpiga picha. Kwa sababu hiyo, jinsi ya kufasiri picha za ndani ya familia zinapotundikwa katika onyesho la sanaa si jambo la wachoraji na wapiga picha peke yao. Linatuhusu sisi tunaosomea uhakiki, kwa kuwa hapo tunakutana na masimulizi yaliyompoteza msimulizi wake.

Kazi nitakayoijadili ni mfululizo wa picha uitwao Ke Lefa Laka: Her-story, wa msanii wa Afrika Kusini Lebohang Kganye. Kganye alizaliwa mwaka 1990 na alijifunza upigaji picha katika Market Photo Workshop ya Johannesburg, shule iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989. Mama yake alifariki mwaka 2010. Baada ya msiba, binti alipekua albamu za mama na makabati yake, akagundua kwamba nguo kadhaa zilizoonekana katika picha za zamani bado zimo nyumbani. Akazivaa. Akaenda mahali ambapo mama alipigwa picha, akasimama kama mama alivyosimama, akapigwa picha naye. Kisha, kwa kompyuta, akaiweka picha yake juu ya picha ya mama, wakawa wawili ndani ya fremu moja. Kazi hii ya mwaka 2012 na 2013 imezunguka sana tangu wakati huo. Ilikuwemo katika onyesho la A World in Common, lililofanyika katika jumba la Tate Modern, London, kuanzia Julai 2023 hadi Januari 2024, na mwaka 2024 Kganye alishinda tuzo ya Deutsche Börse Photography Foundation. Mimi nilizitazama kwanza darasani, zikiangazwa na projekta juu ya ukuta uliobambuka rangi, na baadaye katika nakala zilizochapishwa. Kwa hiyo sitasema lolote kuhusu karatasi au wino. Nitasema kuhusu kinachoonekana, na kuhusu majina ya picha, kwa sababu majina hayo hayajapewa uzito yanaostahili.

Majina yako katika Kisotho, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuyapenya zaidi ya anavyodhani. Ke Lefa Laka maana yake ni "ni urithi wangu". Ke ni kibainishi kama ni yetu. Laka imeundwa sawasawa na langu, yaani kiambishi cha ngeli kikifuatwa na mzizi wa umilikishi. Sikio la Mswahili linaweza kusikia kufa ndani ya lefa, lakini hiyo ni bahati ya sauti tu, na sitajenga hoja juu yake. Hoja ninayoweza kuijenga kwa uhakika iko katika neno la picha yenyewe. Picha mojawapo inaitwa Setshwantsho le ngwanaka II. Setshwantsho, yaani picha, linatokana na kitenzi chenye maana ya kufanana na kufananisha. Luganda inafanya vivyo hivyo: ekifaananyi ni picha, na okufaanana ni kufanana. Kiswahili nacho kinacho kitenzi kufanana, lakini kwa chombo hiki tuliamua kuazima tukasema picha, na tukiwa na haja ya usomi tukasema taswira. Sidhani kama tumepoteza kitu kikubwa katika lugha yetu. Hata hivyo, anayeita picha "kifananacho" hashangai kuona binti akijifananisha na mama yake kwa mavazi, kwa mkao na kwa mahali. Kganye anatenda kile ambacho neno la lugha yake limekuwa likikisema muda wote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na tafsiri iliyozoeleka zaidi ya kazi hii, niliyoisikia darasani kwetu na inayojitokeza mara kwa mara picha hizi zinapozungumzwa: kwamba Kganye amemwita mzimu wa mama yake. Ni tafsiri inayovutia. Picha mbili zimelaliana, mwili mmoja unapenya mwingine, ukuta wa nyuma unaonekana kupitia kifua cha mtu. Basi mtazamaji anasema mzimu, na akikumbuka kwamba msanii ni Mwafrika anaongeza habari za wahenga. Lakini tutazame vizuri. Katika picha hizi anayeonekana imara ni mama. Ameshika nafasi yake katika picha ya zamani, rangi zimepauka kidogo kama rangi za picha za miaka ile, lakini yupo kamili. Aliye hafifu, anayeelea na kuruhusu majani na kuta kuonekana kupitia mwili wake, ni binti. Kama kuna mzimu katika picha, basi ni yule aliye hai. Marehemu hakuitwa kokote. Aliye hai ndiye aliyejipeleka kwa marehemu, akaingia katika mwaka ambao hakuwa na nafasi ndani yake, na picha inamwonyesha akiwa hana uzito huko. Mhakiki anayeona utandu wa uwazi na kukimbilia kusema wahenga ameshalitumia jibu alilokuwa nalo mfukoni kabla ya kufika.

Nguo nazo zinadai kusomwa kwa uangalifu. Katika jumba la maonyesho, mtu akivaa nguo za mwingine tunasema amevaa maleba, kama mwigizaji jukwaani. Lakini katika jamii zetu nyingi, siku za kumaliza matanga nguo za marehemu hugawanywa. Shangazi anachukua kitenge, binti anachukua gomesi, mdogo wa marehemu anachukua koti na anaanza kulivaa kazini Jumatatu inayofuata bila kusema lolote. Hakuna anayeona hayo kuwa maigizo. Nguo zimegawiwa, na zinavaliwa. Jina la mfululizo linasema wazi kwamba huu ni urithi, nami napendekeza tulichukue neno hilo kwa maana yake ya kawaida kabisa, ya sanduku na kabati. Kganye hajavaa vazi la kuigizia. Amevaa alichoachiwa. Kilichotoka nje ya desturi ni hatua inayofuata, pale anapokwenda kusimama mahali pale pale na kuweka mguu kama mama alivyouweka. Hapo urithi unageuka kuwa jaribio: je, nguo ikinitosha, maisha yake yatanitosha?

Na kwa kweli hayamtoshi. Uzuri wa picha hizi, kwa maoni yangu, uko katika mahali ambapo mifanano inashindwa. Kompyuta ingeweza kuwalinganisha kabisa, bega kwa bega, hadi tusijue nani ni nani. Msanii hakutaka. Amewaacha wamepishana kidogo, wakati mwingine kama watu wawili waliosimama kwenye foleni moja. Pengo hilo dogo baina ya miili miwili ndilo linalosomeka. Ningekuwa naandika juu ya ushairi ningelilinganisha na kina kinachokaribia kutimia na kisitimie: sikio linajua kilichokusudiwa, na linajua pia kwamba hakikufika.

Wapo watakaoniambia kwamba nimebaki ndani ya nyumba mno, kwamba picha hizi ni historia ya Afrika Kusini. Ni kweli kwamba familia ya Kganye, kama familia nyingi, ilisukumwa huku na huko na sheria za ubaguzi wa rangi, na kwamba hata jina la ukoo limeandikwa kwa tahajia tofauti miongoni mwa ndugu. Mambo haya msanii mwenyewe ameyashughulikia. Lakini nina shaka na usomaji unaoitumia picha ya familia kama dirisha la kuchungulia siasa, kisha ukalisahau dirisha. Katika Ke bala buka ke apere naeterese II, yaani "ninasoma kitabu nimevaa nguo ya kulalia", mwanamke mweusi wa Afrika Kusini anapigwa picha akisoma, ndani ya vazi la usiku. Mtu anaweza kuandika kurasa kumi juu ya elimu ya Kibantu na sera zake. Mimi najiuliza kwanza: nani alishika kamera? Nani anayeruhusiwa kumpiga mwanamke picha akiwa ndani ya nguo ya kulalia, naye akakubali kushika kitabu ili apendeze? Picha hiyo ni mzaha kati ya watu wanaoaminiana. Siasa imo, lakini imo kwa njia ya kinyume: utawala ule ulihitaji watu weusi waonekane kama nguvukazi na namba za vibali, na hapa kuna mtu anayejipamba kwa ajili ya macho ya rafiki. Tazama pia maneno naeterese na buka. La kwanza limetoka Kiingereza, la pili Kiafrikana, na yote mawili yameketi ndani ya sarufi ya Kisotho kama wenyeji. Ka 2-phisi yaka e pinky II nayo inazungumzia suti ya vipande viwili ya rangi ya waridi, na jina limeandikwa kwa tarakimu na kwa furaha. Hiyo ndiyo lugha ya mtu anayesimulia albamu akiwa na mgeni pembeni. Hakuna msimamizi wa jumba la sanaa anayeweza kuandika namna hiyo.

Msanii aliyeliona tatizo la msimulizi mapema zaidi, pia wa Afrika Kusini, ni Santu Mofokeng, aliyefariki mwaka 2020. Katika miaka ya 1990 alikusanya picha za studio ambazo familia za Waafrika wa mijini zilijipigisha kati ya 1890 na 1950, akazirekebisha, na kuziweka katika mfululizo wa slaidi uitwao The Black Photo Album / Look at Me. Kati ya picha anaingiza slaidi za maandishi. Baadhi zinataja majina na asili ya waliomo. Nyingine zinauliza tu: hawa walikuwa nani, walitamani nini, picha hizi zilikusudiwa macho ya nani? Mofokeng alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na maswali yake yana adabu ya mtafiti anayejua mwisho wa ushahidi wake. Mabwana wenye tai na mabibi wenye kofia wanatutazama, na mahali palipotakiwa kuwa na kidole cha shangazi pana alama ya kuuliza. Kganye, kwa upande wake, hakuacha pengo wazi. Amelijaza kwa mwili wake. Ni majibu mawili kwa hali moja, na sioni sababu ya kuchagua mshindi, ingawa nakiri moyo wangu uko karibu zaidi na la Mofokeng, kwa sababu linamwachia mtazamaji kazi.

Suala hili halikubaki darasani. Muhula uliopita, wanafunzi wa sanaa katika chuo chetu waliandaa onyesho dogo la picha za nyumbani, na sisi wa Kiswahili tukaombwa kuandika maelezo ya kubandika ukutani. Kila mtu alileta picha moja. Dada mmoja wa darasa letu alileta picha ya harusi ya babu na bibi yake, nyeusi na nyeupe, yenye pembe zilizojikunja. Mahali pa uso wa bwana harusi palikuwa na tundu la mstatili lililokatwa kwa mkasi, kwa unadhifu mkubwa.

Nilisimama karibu na picha hiyo siku ya kwanza na kusikiliza. Wa kwanza alisema hapo pana talaka, tena ya matusi. Wa pili, mwalimu wa historia, alisema kwa sauti ya chini kwamba katika miaka ya 1970 watu wa nchi hii walikuwa na sababu nyingi za kuficha uso wa jamaa yao. Wa tatu, mwanafunzi wa sanaa, alidhani kwamba dada ameikata mwenyewe kwa ajili ya onyesho, akasifu "ujasiri wa kutokuwepo". Dada aliyeileta alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alipoulizwa, alisema kwamba bibi ndiye aliyekata, siku babu alipofariki. Hapakuwa na picha nyingine ya babu. Uso ule ulihitajika kukuzwa ili uwekwe juu ya jeneza.

Waliosikia walinyamaza. Tundu walilolisoma kama chuki lilikuwa la mapenzi, au angalau la haja. Uganda tungepaswa kuwa wepesi wa kulijua hilo. Mpiga picha wa Kiitaliano Martina Bacigalupo alikuta katika studio moja ya Gulu, iitwayo Gulu Real Art Studio, marundo ya picha za watu wasio na nyuso. Zimekatwa mstatili kwa sababu wateja walihitaji picha moja tu ya kitambulisho, na ilikuwa nafuu kumpiga mtu picha kubwa na kuutoa uso kuliko kutumia mashine iliyotoa picha nne kwa pamoja. Yaliyobaki yalitupwa: makoti ya kuazima, mikono juu ya magoti, mtoto mapajani. Bacigalupo aliyakusanya, yakaonyeshwa New York na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 2013. Mtazamaji wa ng'ambo aliyejua kwamba Gulu ilipita katika vita hakuweza kujizuia kuona vita ndani ya matundu yale. Aliyepiga pasi koti lake ili akaombe kitambulisho angeona jambo jingine kabisa.

Je, basi, walioona talaka walikuwa wakipoteza muda? Nilijadiliana na dada huyo juu ya hili jioni ile, naye alinipa jibu ambalo sijalipata katika kitabu cha nadharia. Alisema kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto, aliiogopa picha ile. Kabla ya kuambiwa sababu alikuwa na hakika babu alifanya jambo baya. Kwa miaka kadhaa tundu lilikuwa na maana hiyo ndani ya nyumba ile ile, chini ya paa la yule yule aliyelikata. Maelezo ya bibi yalikuja baadaye na hayakufuta woga wa kwanza, yaliuongezea kitu. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba picha ya familia ina maana moja, ile ya mwenye nyumba, na kwamba mtazamaji wa nje ni mdukuzi tu. Hata mwenye nyumba hufasiri, na hata yeye hubadilisha tafsiri yake.

Siku ya pili alikuja baba mdogo wa dada huyo. Aliitazama picha kwa muda, akavua kofia, kisha akamwambia, "Mwanangu, huyu tulimzika. Hakuzikwa ili aje atazamwe na watu wanaokunywa soda." Hakugomba. Dada aliitoa picha ukutani, akaifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi mzee. Karatasi ya maelezo, niliyoiandika mimi, ilibaki imebandikwa kando ya msumari mtupu hadi onyesho lilipofungwa, na watu waliendelea kusimama hapo na kuisoma. Baadhi ya wenzangu walilalamika kwamba tumesalimu amri kwa mzee mmoja. Mimi nilidhani, na bado nadhani, kwamba dada alitenda sawa mara mbili: alipoileta na alipoitoa. Picha ilikuwa yake kwa sababu alirithi woga wake, na ilikuwa ya mzee kwa sababu alimzika baba yake. Onyesho la sanaa lilikuwa na haki ndogo kuliko wote wawili.

Msumari ule ulinirudisha kwa Roland Barthes, ambaye kila mwanafunzi wa nadharia humtaja kwa jambo jingine. Mama yake alifariki mwaka 1977, na katika kitabu chake juu ya upigaji picha, kilichotoka mwaka 1980, anaeleza jinsi alivyomtafuta katika picha za zamani hadi akampata katika moja iliyopigwa mwaka 1898, mama akiwa msichana wa miaka mitano kando ya kaka yake. Kitabu kimejaa picha za watu wengine. Hiyo hakuichapisha. Alisema kwamba kwetu sisi ingekuwa picha ya kawaida tu, isiyotuchoma popote. Nikimweka Barthes mbele ya Kganye naona wameanza mahali pamoja, mtoto aliyefiwa akipekua picha za mama, na wakaachana kwenye mlango. Mmoja akaufunga na kusimulia kutoka ndani. Mwingine akaufungua na kusimama kizingitini. Kufunga kunaonekana kuwa na heshima zaidi, na mzee wetu wa soda angekubali. Lakini Barthes alikuwa na kitabu kizima cha kusimulia. Mwanamke wa Katlehong asiyeandikwa popote, mlango wake ukifungwa, nani atasimulia kutoka ndani? Hapo ndipo ninapomtetea Kganye dhidi ya wanaomwona mfanyabiashara wa msiba.

Simtetei katika yote. Mbinu ya kulaza picha juu ya picha ina nguvu katika kazi tatu au nne za mwanzo. Mfululizo ukirefuka, jicho linajua litakachokikuta kabla halijafika, na mtazamaji anaanza kucheza mchezo wa kutafuta tofauti kama katika magazeti ya watoto. Wala mbinu yenyewe si mpya kwa pwani yetu. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akikata na kubandika picha za wateja wake katika studio yake, akiwatia katika mandhari ambayo hawakuwahi kuyakanyaga, nao walilipa na kuondoka wameridhika bila mtu kutaja neno kumbukumbu. Kganye mwenyewe inaonekana aliuona mpaka huo. Katika sehemu ya pili, Heir-story, anayemfuata ni babu yake, mtu wa kwanza katika familia kuhamia mjini, aliyefariki kabla ya yeye kuzaliwa. Hapo hakuna kulazana. Amevaa suti ya kiume na kusimama kati ya watu wa kadibodi, picha za albamu zilizokuzwa kufikia kimo cha binadamu na kukatwa. Kadibodi inaonekana kuwa kadibodi. Suti haijifanyi kumkaa. Wengi huipenda Her-story zaidi kwa sababu ya huzuni yake. Mimi naona Heir-story ina ukweli mkavu unaonishika kwa muda mrefu zaidi. Mtu asiyemjua babu yake hana haki ya uwazi na ulaini. Ana masimulizi ya bibi na mkasi.

Hata hivyo picha ninayoirudia ni ya mama, ile Setshwantsho le ngwanaka II. Mama yuko na mtoto mdogo. Juu yao kuna binti aliyekua, katika mkao wa mama, akiinamia mtoto. Majina kadhaa ya mfululizo yako katika nafsi ya kwanza: ninasoma, suti yangu, tunacheza hatua za harusi, mwanangu. Lakini nafsi hiyo ni ya nani? Mama hakuyaandika majina haya. Binti ndiye aliyeyatunga baada ya mazishi. Akisema ngwanaka, neno lililoundwa kama mwanangu letu kwa kuunganisha mwana na umilikishi, anasema kwa sauti ya mama kuhusu mtoto wa mama. Mtoto huyo ndiye anayesema. Katika fasihi tungetofautisha mwandishi na nafsineni na kuendelea na kazi. Hapa tofauti hiyo haitoshi, kwa sababu nafsineni ana uso, na uso huo unafanana na wa mwandishi.

Nilipojaribu kuliandika jina hilo kwa Kiswahili kwa ajili ya zoezi la tafsiri, nilipata matatizo. Le ya Kisotho ni na, basi neno kwa neno ni "Picha na mwanangu". Mhadhiri wetu aliipigia mstari na kuandika pembeni: ongeza kitenzi, "Picha nikiwa na mwanangu". Sarufi yake haina kasoro. Ila Kiswahili kinaitumia na kwa kazi nyingine pia, ya kumtaja mtenda. Fungua gazeti lolote la Kiswahili utazame chini ya picha ya ukurasa wa kwanza, ambako huandikwa "Picha na" likifuatwa na jina la aliyeipiga. Kisotho hakitumii le kwa namna hiyo. Katika lugha yetu peke yake, maneno yale matatu yanasema kwamba mama yumo pamoja na mtoto wake, na yanasema pia ni nani aliyeitengeneza picha. Niliiacha kama nilivyoiandika mwanzo.